Siku Tisini za Nyumba ya Bwera

Jumatano, 7 Agosti. Kasese

Daftari hili kanipa Kasim kabla hata wino wa risiti haujakauka. Kasim ni dalali, anazunguka na minada ya serikali Kasese nzima, na anaijua minada kama mimi ninavyojua vitenge. "Dada Nasifah," akasema, "nyumba ya mnada si kama kitenge cha dukani. Mwenyewe hajauza kwa moyo wake. Andika kila kitu na tarehe yake: nani kaja, nani kasema nini, nani kagusa nini. Siku wakikupeleka kortini, daftari ndilo shahidi wako." Haya, naandika.

Leo nimenunua nyumba. Mimi, Nasifah binti Muhammed, muuza vitenge wa soko la Mpondwe, niliyepanga miaka kumi na tisa na kuambiwa "hama" mara saba. Mara ya saba mwenye nyumba alinitolea godoro nje mvua ikinyesha, na kitenge changu kipya cha kuuza kikachuja rangi kwenye godoro hilohilo. Siku ile niliapa wallahi sitakufa mpangaji.

Nyumba iko Bwera, upande wa mtoni. Vyumba vitano, matofali ya kuchoma, bati zima, mikaratusi mitatu uani. Ilikuwa ya Erifazi, mnunuzi wa kahawa aliyeshindwa kulipa kodi ya serikali miaka minne, mpaka wakaikamata na kuiuza. Mnada umefanyika chini ya turubai, tukiwa watu kama thelathini. Viwanja vya Muhokya vilipotajwa watu walipandishiana bei mpaka wakataka kushikana mashati. Ilipofika nyumba ya Bwera, kimya. Mnadi akasoma mara tatu: "Inauzwa ilivyo, ilipo." Kimya. Nikainua mkono peke yangu. Nimeipata kwa bei ya chini kabisa waliyoipanga, na hata hiyo imemeza akiba yangu yote pamoja na lori aliloniachia marehemu baba.

Nyuma ya turubai walikaa wazee watatu wa Bwera, akiwemo mwenyekiti wa kijiji. Hakuna aliyeinua hata kidole. Nikasema moyoni, hawa hawana kitu, kazi yao kuangalia tu.

Sasa ni siku tisini. Asipotokea wa kupinga ndani ya siku tisini, hati inatoka kwa jina langu.

Alhamisi, 8 Agosti

Sijalala kwa furaha. Sokoni nimempunguzia mteja bei bila kuombwa, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu nianze biashara.

Jumapili, 11 Agosti. Bwera

Nimekwenda na karatasi yangu ya mnada nionyeshe kwamba nyumba sasa ina mwenyewe.

Vyumba vya mbele kapanga Célestin, Mkongo wa Butembo anayefanya biashara ya mafuta ya mawese, pamoja na mkewe Laurentine na kitoto chao kinachonyonya. Walihamia mwezi wa pili mwaka huu. Hao hawana shida. Célestin aliisoma karatasi mara mbili, akasema, "Bon, mama. Mi nililipaka kwa Erifazi, sasa nitalipa kwako. Mupangaji haina chama."

Shida iko nyuma. Kwenye chumba cha jikoni anaishi Yunia, mama yake Erifazi. Erifazi mwenyewe amekimbilia Kampala kutafuta kazi, mama kakataa kwenda. Nilijitayarisha kwa matusi. Nami nilikuwa na yangu ya kujibu, nimeyapanga njia nzima tangu Mpondwe. Kikongwe akanitazama, akatazama karatasi, akaweka kiti. "Erifazi naniambia kwa simu," akasema. "Nyumba nanunua wewe. Sawa. Ikala, mutoto wangu, kula." Akanipa ugali wa muhogo na samaki wa chumvi.

Nikala. Ningefanyaje? Lakini moyo haukutulia. Mtu anayegombana namjua; asiyegombana sijui nimshike wapi.

Baada ya kula nikazunguka kiwanja changu. Mto Lhubiriha uko chini kule, ng'ambo ya shamba la migomba la jirani. Nimeutazama: mawe matupu na kijito cha kunawia miguu. Mimi ni mtoto wa Katunguru, nimekulia kando ya maji makubwa ya Kazinga. Kwetu kinachotoka majini usiku ni kiboko, maji yenyewe hubaki mahali pake. Kwa hiyo mto ule niliuona kama mchezo wa watoto.

Jumatatu, 19 Agosti

Mvua ya kwanza. Fupi. Vumbi la soko limetulia.

Alhamisi, 22 Agosti

Nimekwenda kuchukua kodi ya Célestin. Nyuma ya jiko, upande wa juu wa kiwanja unaotazama mlima, nimemkuta Yunia na jembe, akichimba. Shimo refu, jembamba, kingo zimenyooka. Udongo kaupanga upande mmoja kwa adabu.

"Unapanda nini hapo, mama?"

"Hakuna kupanda. Nachimba tu."

Akapumzika juu ya mpini, akakohoa, akaendelea. Sikuuliza zaidi. Nimeandika kwa sababu Kasim kasema niandike.

Ijumaa, 30 Agosti. Kasese

Nimemwambia Kasim habari ya shimo. Nilimwambia kwa utani. Hakucheka hata kidogo. Akaweka kikombe cha chai chini.

"Urefu wake?"

"Sijapima."

"Kapime. Dada, sikiliza. Wenyeji wakinyang'anywa ardhi na mnada, hawapeleki wakili. Wanazika. Leo kiwanja ni chako, kesho wanamshusha mtu wao pale, wanapanda maua, kwisha. Kaburi likishakaa, nani atakuondolea kaburi hilo? Hakimu ataogopa, polisi wataogopa, mnunuzi hutampata mpaka kiama. Mimi kuna mteja wangu kule Nyakiyumbu, walimzikia babu sebuleni. Sebuleni, dada!"

"Lakini hapo Bwera hajafa mtu."

"Huyo mama ana umri gani?"

"Kikongwe," nikasema.

"Anakohoa?" akauliza Kasim.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa naisikia ile "anakohoa?" yake. Mtu ajichimbie kaburi kwa mkono wake, alale humo, aifunge nyumba yangu na maiti yake! Astaghfirullah. Lakini mbona hakugombana nami? Anayejua atashinda hana haja ya kugombana.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimepima kwa hatua, nikijifanya naokota kuni. Shimo lina urefu wa mtu na kidogo. Kina kinafika magotini.

Hatua mbili kutoka hapo ameanza la pili.

Jumatatu, 9 Septemba

Mvua tangu alfajiri. Sokoni hakuna watu. Vitenge vinanuka unyevu.

Jumamosi, 14 Septemba. Bwera

Mashimo ni matatu, yamefuatana, na kati ya moja na jingine kaacha ukuta wa udongo. Nimeshindwa kujizuia nikamwuliza mbele ya Laurentine, awe shahidi.

"Mama Yunia, haya mashimo ni ya nini? Niambie ukweli. Hapa ni kwangu."

Akaegemea jembe. "Ya maji."

"Maji gani? Mto uko kule chini. Wewe unachimba huku juu."

Akaelekeza kidevu mlimani. "Mvua ikikuwa mingi, nakuja huku."

Nikatazama alikoelekeza. Niliona migomba ya jirani, njia ya mbuzi, na mlima umevaa mawingu. Maji yatoke mtoni, yapande, yazunguke nyuma ya migomba, yaje kunitafuta mimi kutokea juu? Mwongo huyu! Tena mwongo mwenye uso mpole, na hao ndio wabaya zaidi. Angekuwa anachimba mfereji angechimba mfululizo, maji yapite. Mfereji gani una kuta katikati?

"Mashimo yana kuta ndani yake, mama. Maji yatapita wapi?"

"Ile nafungua mwisho," akasema. "Sasa hapana. Nikifungua sasa, mvua ndogo najaza matope."

Kikohozi kikamshika, akakaa chini kwenye ukingo, miguu ndani ya shimo. Nilimtazama ameketi vile, kama anayejipima kaburi. Nikamwacha nikaondoka bila kuaga.

Jumanne, 17 Septemba

Mvua. Kasim kapiga simu mara mbili. Swali ni lilelile: "Bado anakohoa?"

Ijumaa, 20 Septemba

Célestin amenijia sokoni mwenyewe, kofia mkononi. Laurentine halali tena kule nyumbani.

"Mama, ile mashimo sasa iko ine. Laurentine amehesabu. Mi, yeye, mutoto, na weye. Batu ine. Anauliza, ile muzee anachimbia nani?"

"Célestin, wewe ni Mkatoliki mzima, unasali kila Jumapili. Unaamini upuuzi huo?"

"Mi siamini, mama. Lakini nimehesabu nami."

Nikacheka. Alipoondoka nikajikuta nahesabu kwa vidole. Célestin, Laurentine, mtoto, Nasifah. Nikaikunja ile mikono nikaikalia.

Jumatano, 25 Septemba

Mvua ya mawe. Bati la jirani yangu wa soko limetoboka. Mto sasa una rangi ya chai ya maziwa na unanguruma kidogo, lakini uko kulekule kwake.

Jumamosi, 5 Oktoba. Bwera

Kumebaki mwezi mmoja. Mashimo ni saba, yanafuatana mpaka karibu na mikaratusi. Yunia amekonda. Anachimba akiwa amepiga goti sasa. Nilipofika aliniletea ndizi za kuchoma kwenye sahani, zimefunikwa kwa jani. Nikasema nimefunga. Sikuwa nimefunga.

Mama huyu nilimwona siku ya kwanza mpole, nikamwona mjanja, sasa namwogopa. Naandika hivi kwa sababu daftari ni la ukweli. Namwogopa bibi mwenye mikono kama vijiti vya kuwashia moto.

Mwenyekiti wa kijiji alipita njiani, akayatazama mashimo, akamsalimu Yunia kwa Kikonzo, lugha yao, na kumwambia maneno marefu. Yunia akacheka. Mimi Kikonzo changu ni cha kuuzia nguo tu, bei na rangi. Mwenyekiti akanipungia mkono akaendelea na safari. Hata yeye yumo, nikasema. Kijiji kizima kimo.

Jumanne, 8 Oktoba. Bwera

Nimeyafukia.

Niandike vizuri, kwa mpangilio, kama Kasim alivyosema. Jana usiku alipiga simu: "Dada, akifa wiki hii, umekwisha. Yafukie. Ni kiwanja chako, hakuna sheria inayokukataza kufukia shimo kwenye kiwanja chako." Asubuhi nimekodi vijana watatu wenye makoleo pale kwenye kituo cha pikipiki. Lakini mama alikuwepo, na mbele yake nisingeweza. Nikamwambia, "Mama, hicho kikohozi kitakuua. Chukua hii nauli, nenda kituo cha afya, nimeshamlipa mwenye pikipiki." Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Wasingya, mutoto wangu. Wasingya." Asante, asante. Akapanda pikipiki na kanga yake ya Jumapili.

Vijana walimaliza kwa saa tatu. Yunia kachimba kwa wiki saba. Udongo aliokuwa ameupanga upande mmoja ulirudi wote, tukaukanyaga. Laurentine alisimama mlangoni na mtoto, akasema tu, "Akirudi tutamuambia nini?" Nikamwambia aniachie mimi.

Sikungoja arudi. Nilipanda gari la saa tisa kurudi Mpondwe. Nasema nilikuwa na wateja.

Jumatano, 9 Oktoba

Mvua usiku na mchana. Nimempigia Célestin kuuliza mama kasemaje. "Hakusema kitu. Alisimama pale kidogo. Kisha alichukua jembe."

Alhamisi, 10 Oktoba

Mvua. "Anachimba," kasema Célestin. "Sasa hapumuziki. Na haachi tena ukuta katikati, mama. Anachimba bila kukata."

Nilikaa na simu mkononi baada ya yeye kukata. Bila kukata.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nitaandika ya jana. Atakayesoma anisamehe.

Ijumaa mjini hakukunyesha. Jua lilitoka, tukaanika vitenge. Lakini mlima ulikuwa mweusi tangu asubuhi, na watu wa sokoni walikuwa wakiutazama kila mara. Nimetoka msikitini baada ya sala, natafuta viatu vyangu, nikasikia mngurumo. Nikadhani ni malori ya mpakani. Mama mmoja muuza nyanya akaacha nyanya zake palepale na kusema, "Mto." Nikapanda pikipiki, nikamwambia Bwera, haraka.

Barabarani juu ya kiwanja changu nilimkuta Laurentine amemfunga mtoto mgongoni, analia. Célestin alikuwa amewatoa, yuko nao, suruali imelowa mpaka mapajani. Nikatazama chini kuutafuta mto mahali pake. Mto ulikuwa umejaa, ndiyo, lakini si huo waliokuwa wakiuonyesha. Walikuwa wakionyesha juu, kwenye kona ya mlima. Pale mto ulikuwa umeshindwa kukata kona. Ulikuwa umenyooka, umeivunja migomba ya jirani, ukashika ile njia ya mbuzi, na ulikuwa unakuja. Unatokea juu. Unatokea palepale alipoelekeza kidevu.

Na Yunia alikuwa pale mbele yake, amepiga goti, anachimba.

"Nilimuvuta, mama!" Célestin akapiga kelele. "Nilimuvuta kwa mukono, akakatala! Alisema imebaki kidogo tu!"

Nikaita. Niliita "Mama!" mpaka sauti ikakatika. Aligeuka, nadhani alinitambua, akapunga mkono kuniambia nirudi, nisije. Nikateremka hivyohivyo. Maji yalikuwa magotini, yana mawe ndani, yanapiga mifupa. Célestin akanikamata kwa nguo akanivuta nyuma, tukaanguka wote wawili.

Kutoka pale chini niliyaona yote. Alikuwa ameuchimba mfereji mzima tena, siku tatu, na ulibaki ukuta wa mwisho tu, wa kufungulia maji, karibu na mikaratusi. Akaupiga jembe. Akaupiga tena. Maji yalifika nyuma ya jiko, yakasimama kidogo yakipanda, kisha yakaingia mferejini, yakaufuata wote, yakaizunguka nyumba yangu, yakashuka kwenda kuungana na mto kule chini. Jiko lilianguka. Nyumba haikuguswa.

Mkaratusi wa kwanza ukalala. Yunia alikuwa chini yake. Nilimwona, halafu sikumwona.

Leo asubuhi wamempata kwenye mawe, hatua mia mbili huko chini. Jembe halijapatikana.

Jumapili, 13 Oktoba. Bwera

Erifazi alifika alfajiri kutoka Kampala. Mtu mrefu, mpole, sauti ya mama yake. Nilikuwa nimelala kwenye chumba kimoja cha nyumba yangu, usiku wa kwanza kulala chini ya bati langu mwenyewe, na maiti ya Yunia ilikuwa chumba cha pili. Hakukuwa na nyumba nyingine karibu iliyo kavu.

Alinisalimu kwa heshima. Akaomba radhi kwamba wamejaa kwangu. Akasema wanatafuta namna ya kumpeleka kwenye shamba la mjomba, lakini barabara ya mlimani imekatika, itachukua siku tatu au nne, na maiti haiwezi kungoja.

"Alinipigia Jumanne jioni," akasema. "Anasema, ile mvua imejaza mfereji wote, naanza upya. Nikamwambia, mama achana nayo, nyumba si yetu tena. Akaniambia, mtoto wa Célestin analala pale. Na yule mama wa vitenge ni mwanamke mwema, kanilipia pikipiki."

Akafuta macho kwa mkono wa shati. "Sijui ni mvua gani hiyo. Mfereji ule hauwezi kujaa kwa siku moja."

Jumanne ile hapakuwa na mvua kubwa, mchana kutwa. Yunia aliona alama za viatu, aliona makoleo yalivyopiga. Alijua. Akamwambia mwanawe ni mvua.

Mwenyekiti alikuwa amekaa pale, na wale wazee wawili wa siku ya mnada. Célestin akainama akitazama sakafu. Hakuna aliyenitazama. Ningenyamaza, jambo lingeishia hapo, wallahi lingeishia hapo.

"Si mvua," nikasema. "Ni mimi. Niliyafukia mimi, na pikipiki nilimlipia ili asiwepo. Nilidhani anachimba kaburi, aninyang'anye kiwanja."

Erifazi akainuka, akatoka nje kuelekea mikaratusi.

Nikamgeukia mwenyekiti, hasira zimenipanda, sijui ni hasira za nani. "Na ninyi! Mlikuwa pale Kasese, mliniona nanunua. Mbona hamkuniambia?"

Mzee akajibu polepole. "Mfereji huo aliuchimba mume wake, akafa, akauchimba yeye. Kila mwaka unajaa, kila mwaka anaufungua. Sisi hatukuinua mkono kwa sababu hakuna mtu wa hapa anayeweza kumwambia Yunia ahame. Wewe tulidhani unajua. Siku ile kwenye mashimo nilimwambia Yunia, mwenye nyumba mpya amesimama na wewe, vizuri, atajifunza. Akacheka. Akasema, anauliza maswali mengi, atajifunza."

Simu ikalia. Kasim. Kasikia habari ya kifo, Bwera nzima inajua. "Dada, pole. Sasa sikiliza vizuri. Wasizike hapo! Waambie barabara itafunguka. Zimebaki siku ishirini na tatu tu, usilegee sasa. Kaburi likiingia, nyumba haina bei, umenisikia? Haina bei!"

"Nimesikia, Kasim."

Nikaizima simu. Nikatoka nje nikamkuta Erifazi amekaa kwenye shina la mkaratusi ulioanguka. Sikuthubutu kukaa karibu naye. Nikasema nikiwa nimesimama, "Mzike mama hapa. Chagua wewe mahali."

"Ni kiwanja chako," akasema bila kuinua uso.

"Ndiyo maana nasema mimi."

Kisha akanyoosha kidole nyuma ya jiko lililoanguka, upande wa juu, unaotazama mlima. Mahali lilipokuwa shimo la kwanza. Vijana waliochimba ni walewale watatu wa kituo cha pikipiki, kwa makoleo yaleyale. Sikuwalipa mimi, walikataa pesa.

Jumatatu, 21 Oktoba

Mvua.

Jumapili, 27 Oktoba

Mvua. Laurentine na Célestin wamehama. Hawakugombana nami, waliaga vizuri. Laurentine alisema mtoto hawezi kulala humu. Sikumbishia.

Jumanne, 5 Novemba. Bwera

Siku ya tisini. Kasim kaleta hati mwenyewe, hakuingia ndani, kaniachia barabarani. Jina langu limeandikwa vizuri, herufi zote. Aliniuliza kama nimeandika kila kitu daftarini kama alivyonifundisha. Nikamwambia ndiyo. Hakuna aliyepinga nyumba, Kasim, lakini kama korti itataka daftari, wapewe. Shahidi nimemwandika mwenyewe na tarehe zake.

Mlima ni mweusi tena. Wanasema mwezi huu mvua haijamaliza. Ile siku maji yalileta mchanga mwingi, na mfereji umejaa mpaka nusu. Nimenunua jembe jipya Mpondwe, mpini wake bado una gundi ya karatasi ya bei. Tangu asubuhi nimechimba urefu wa mtu na kidogo, nikaacha ukuta, nikaanza la pili. Mikono imetoka malengelenge.

Wapita njia wananisalimu. Hakuna anayeuliza nachimba nini.